Hatua Sitini za Vitofali vya Plastiki

Walikuwapo vibarua watatu katika hospitali moja ya milimani, na kila mmoja alikuwa na kipawa ambacho wenzake hawakuwa nacho. Fuateni mambo kwa mpangilio wake, wasikilizaji, kwa sababu kesi yao itaishia mikononi mwenu.

Wa kwanza alikuwa Tusekile, mfagizi wa wodi, ambaye masikio yake yaliijua plastiki. Akiiminya chupa tupu ya dripu ikalia kikavu, alijua kwamba itayeyuka vizuri. Akiuminya mrija ukakaa kimya, alijua kwamba utatoa moshi mchungu. Wa pili alikuwa Lugano, dobi, ambaye mikono yake haikuacha doa. Wa tatu alikuwa mzee Ambakisye, mchoma taka, aliyeusoma moto kwa rangi ya moshi wake.

Kati ya wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji palikuwa na hatua sitini za udongo mwekundu. Masika moja udongo huo uligeuka tope, na kitanda cha magurudumu kikazama katikati ya njia. Mama aliyelazwa juu yake alibebwa mikononi hadi upasuaji. Yeye alipona, mtoto wake hakupona. Tusekile alikuwa miongoni mwa waliombeba, na tangu siku hiyo hakuweza kuipita njia ile bila kuhesabu hatua.

Mwaka uliofuata, Matroni Ikupa aliwaita wote watatu. Saruji haikuwapo, lakini nyuma ya jiko palikuwa na lundo la chupa za dripu linalofika kifuani.

"Kuna mahali nimeona wanayeyusha plastiki, wanachanganya na mchanga, wanapata vitofali," alisema. "Masika yamebakiza wiki saba. Mtaweza?"

"Tutaweza," Tusekile akajibu kabla wenzake hawajafungua midomo.

"Ungetuuliza kwanza, mwanangu," Ambakisye akanong'ona.

"Mvua haitatuuliza, mzee."

Tusekile ndiye aliyeanza. Lundo peke yake halikutosha, na ndugu wa wagonjwa walikuwa na desturi ya kwenda nyumbani na chupa tupu ili watilie mafuta ya kupikia. Kila asubuhi akazunguka kitanda kwa kitanda.

"Chupa yangu hiyo!" mgonjwa wa kitanda cha tisa akamkatalia. "Mimi ndiye niliyetundikiwa maji."

"Na mimi ndiye nitakayekusukuma kwenye tope ukizidiwa, baba. Chagua."

Wodi nzima ikacheka, naye akapewa chupa. Aliiminya kila moja, akasikiliza, kisha akatenga: chupa kwenye gunia jeupe, mirija na mifuko ya damu kwenye ndoo nyekundu.

Lugano akapokea gunia. Alipasua kila chupa, akabandua karatasi yake, akailoweka kwenye jiki, akaisuuza mara tatu, kisha akaianika katikati ya mashuka. Hakuharakisha hata siku moja. Tusekile alikuwa akisimama kando ya kamba huku akipiga mguu chini, na Lugano alikuwa akimwambia, "Dada, ukiitazama hivyo haikauki upesi."

Ambakisye akapokea vipande vikavu. Alivikoroga kwenye pipa hadi vikawa kama uji mzito, akatia mchanga, akamimina kwenye fremu za mbao. Siku moja moshi ulibadilika ukawa wa manjano, naye akalimwaga pipa zima.

"Mzee! Hizo ni siku mbili za kazi yangu!" Tusekile akapiga kelele.

"Moto ulizidi. Kitofali kikiungua hivyo kitavunjika mgonjwa akiwa juu yake," akajibu, kisha akakohoa. Kikohozi kile hakikumwacha tena.

Ndipo likatokea jambo la wiki ya nne. Wauguzi wa hospitali ile walikuwa na mazoea yaliyotokana na huruma: wakimwondolea mgonjwa dripu, waliichomeka sindano kwenye kizibo cha mpira cha chupa, ili isimchome mtu kabla haijafikishwa kwenye boksi la sindano. Tusekile aliyajua mazoea hayo. Alikuwa amekwisha kuzitoa sindano nyingi zilizosahauliwa. Lakini asubuhi moja mawingu yalijikusanya mapema kuliko kawaida. Akaziminya chupa, akazisikiliza, wala hakuvitazama vizibo.

Sindano moja ikaingia kwenye kidole cha Lugano.

Lugano alikiosha kidole kwa maji yanayotiririka, akatoa taarifa, akapewa vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi vya siku ishirini na nane. Vilimtia kichefuchefu asubuhi hadi jioni, lakini hakukosa kazini. Alipoulizwa chupa ile ilikotoka, alisema, "Niliiokota mwenyewe kwenye lundo."

Uongo huo Tusekile aliusikia akiwa mlangoni. Akarudi kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Hatua ya sitini ilitandikwa Alhamisi. Jumamosi mvua ikashuka, na mama mmoja mwenye uchungu uliokwama akapitishwa juu ya vitofali mbio, kitanda kikiserereka kama kwenye sakafu. Alitoka upasuaji akiwa hai, na mwanawe akilia.

Jumatatu ikaja barua kutoka wilayani. Nafasi ya ajira ya kudumu ilikuwa moja tu. Vibarua wengine wangeondoka mwisho wa mwezi. Jina lilitakiwa kabla ya saa nne asubuhi, la sivyo nafasi ingepewa hospitali nyingine.

Ofisini kwa Matroni, Lugano na Ambakisye waliketi. Tusekile alikaa, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa na miaka saba ya kibarua, na hakuwa na pa kwenda.

"Chupa safi ni chupa tu," Ambakisye alisema akiipigania nafasi. "Iliyogeuka njia imepita kwenye moto wangu."

"Bila mimi moto wako ungepika uchafu, mzee," Lugano akajibu.

"Na mwenzetu mbona kimya?" Ambakisye akamgeukia Tusekile. "Siku zote hutangulia kusema."

Tusekile aliikaza kanga kiunoni. "Matroni, chupa yenye sindano ilitoka kwenye gunia langu. Sikuvitazama vizibo siku ile."

"Nani amekuuliza?" Lugano akainuka kwa hasira. "Nilikwisha kulimaliza hilo!"

"Kipimo chako cha mwisho bado hakijatoka, kaka. Wewe umelimaliza. Mimi silali."

Lugano akamgeukia Matroni. "Kama utaiandika sindano moja iliyompita, ziandike na zote alizozitoa. Bila yeye mimi nisingekuwa na vidole."

Ambakisye alitaka kusema neno, kikohozi kikamzuia.

Matroni aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Alikuwa amekwisha kuandika herufi T. Nje, dereva wa wilaya aliyesubiri jina akapiga honi mara ya pili.

Wasikilizaji, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Mmoja alitenga, akakosea, akasema kweli. Mmoja aliosha, akachomwa, akaficha. Mmoja aliyeyusha, na kifua chake hakijapona. Ondoa yeyote kati yao, na yule mama angezama kwenye tope. Je, ninyi mngeiacha herufi ile pale ilipo au mngeikata? Na mkiisha kuandika jina, mngewaambia nini wale wawili wanaosubiri?