Jina Lililopewa Jiwe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala na njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa tumo pamoja. Sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, usiwazibie wenzako moto.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji chini ya mlima. Jina lake nimelisahau, na anayelijua anyamaze, hadithi ni yangu. Katika kijiji hicho alikaa mwanamke aitwaye Nyamizi. Nyamizi alikuwa na nyumba, alikuwa na shamba la mtama, alikuwa na mikono isiyochoka. Mtoto hakuwa naye. Mume aliwahi kuwa naye, lakini siku moja aliaga anakwenda kununua chumvi, na chumvi hiyo mpaka leo haijafika.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mwanamke akibisha hodi hakutaja jina lake mwenyewe. Aliye ndani aliuliza, "Nani?" naye alijibu kwa jina la mwanawe: "Mama Shija," au "Mama Limbu." Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

Nyamizi alipobisha, aliulizwa kama wengine.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi tu."

Huko ndani watu wakacheka. Walicheka mara ya kwanza, wakacheka mara ya pili, na mara ya tatu likawa jina. Kisimani wakamwita Mimi Tu. Shambani wakamwita Mimi Tu. Hata watoto waliotoka kuota meno juzi wakamwita Mimi Tu. Mkuki kwa nguruwe, jamani, kwa binadamu mchungu.

Basi Nyamizi akaacha kubisha milango ya watu. Chumvi ikimwishia, alikula mboga chapwa. Mpini wa jembe ukivunjika, alichimba kwa kijiti. Lakini moto je? Siku hizo hapakuwa na kiberiti. Moto wako ukizimika, unachukua kigae cha chungu, unakwenda kwa jirani kuomba kaa. Na kwa jirani kuna mlango, na nyuma ya mlango kuna swali.

Ndiyo maana Nyamizi hakuuacha moto wake uzimike hata siku moja. Akienda shamba aliufunika majivu. Akirudi aliufunua, akaupulizia, akausemesha.

"Umeshindaje leo? Umekula? Usije ukaniacha."

Moto haukujibu. Aliyejibu ni Mjusi wa ukutani.

"Nyamizi, mimi naishi hapa mwaka wa saba, hujaniuliza hata siku moja nimeshindaje."

"Haya, umeshindaje?"

"Vibaya. Moshi wako unaniwasha macho."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya nyumba ile. Mtu mzima, na wa kuzungumza naye ni mjusi.

Siku moja Nyamizi alipita nyuma ya nyumba ya Mama Shija, akamkuta anasaga mtama. Mama Shija alimwambia binti yake, "Nipe huyo mwana, nimweke juu ya mama." Binti akampa lile jiwe dogo la kusagia, naye akaliweka juu ya jiwe kubwa. Nyamizi akasimama. Akatazama jiwe, akajitazama yeye, akarudi nyumbani bila kuni alizozifuata.

"Mjusi," alisema, "hata jiwe linaitwa mama. Jiwe!"

"Nenda ukaulize lilifanya nini," akasema Mjusi. "Labda na wewe umelifanya, ila hukujua."

Nyamizi akaenda. Kwa kuwa Mama Shija alikuwa anasagia uani, hapakuwa na haja ya hodi.

"Mama Shija, jiwe lako lilifanya nini mkaliita mama?"

"Kwetu sisi wasagaji, mama ni yule anayelala chini, mzigo wote ukawa juu yake, asilalamike."

"Hata mimi nimelala chini ya mzigo, na sikulalamika."

"Lakini wewe hujazaa."

"Na hilo jiwe limezaa?"

Mama Shija akazidi kusaga, na kelele za jiwe zikajaa ua mzima.

Nyamizi akaenda kiwanjani kwa Mabula, mpiga ngoma. Hapo alikuta ngoma ndogo nne na moja kubwa, nayo ile kubwa inaitwa mama.

"Mabula, ngoma hii ilifanya nini mkaiita mama?"

"Kwetu sisi wapiga ngoma, mama ndiye apigwaye polepole. Hizi ndogo zinarukaruka, zinapotea, zikishapotea zinamsikiliza yeye zipate njia."

"Hata mimi nimetulia mahali pamoja. Anayepotea anajua nilipo."

"Lakini wewe hujazaa."

"Na ngoma hiyo imezaa?"

Mabula akacheka mpaka akashika mbavu. Jioni yake maneno yale yakawa wimbo, na Nyamizi aliusikia kutoka jikoni kwake, kila neno.

Mwishowe akaenda kwa mhunzi, na watu walimwita kwa kazi yake, Mhunzi. Mhunzi alikuwa mjane, mzee kuliko Nyamizi, na maneno aliyoyasema kwa mwaka yangejaa kibaba kimoja. Mbele yake palikuwa na fuawe, kile chuma kinene kinachowekewa jembe likafuliwa juu yake. Nalo wahunzi waliliita mama.

"Mhunzi, chuma hiki kilifanya nini mkakiita mama?"

Mhunzi aliweka nyundo chini. "Kwetu sisi wahunzi, nyundo huvunjika tukatupa, mipini huoza tukabadilisha. Yeye anapigwa kila siku, na kila asubuhi tunamkuta palepale."

"Hata mimi nimepigwa kwa maneno kila siku, na kila asubuhi nipo palepale." Kisha akasema kwa haraka, kabla hajaambiwa, "Najua sijazaa. Na hicho chuma kimezaa?"

Mhunzi alilitazama fuawe. Akamtazama Nyamizi. Hakucheka, akaokota nyundo yake akaendelea na kazi. Nyamizi akaenda zake.

Mwaka ule mvua ilinyesha siku saba bila kupumua. Mapaa yalivuja, kuni zikalowa. Moto wa kwa Mama Shija ukazimika. Moto wa kwa Mabula ukazimika. Hata moto wa mhunzi, ambao watu walidhani hauzimiki, ukazimika. Watoto walitafuna mtama mbichi na kulia kwa baridi. Siku ya nane, kulipopambazuka, mvua ingali inanyesha, mtu mmoja akanyoosha kidole: juu ya paa la Mimi Tu palikuwa na moshi.

Mlango ambao haukuwahi kubishwa ukabishwa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mama Shija."

Nyamizi akafungua, akampa kaa. Akaja Mama Limbu, akampa. Akaja Mabula na wimbo wake, naye akampa. Wakaja wengi, wakajaa jikoni, wakauzunguka moto na kuunyooshea mikono.

"Jamani," alisema Mama Shija, "moto huu ndio mama wa mioto yetu yote!"

"Kweli," wakasema wengine, "ndio mama! Ndio mama! Ndio mama!"

Walisema hivyo wakiwa wamempa Nyamizi mgongo. Kisha kila mmoja akafunika kaa lake kwa jani la mgomba, wakaondoka. Nyumba ikawa kimya kuliko ilivyokuwa jana.

Nyamizi alisimama katikati ya jiko. Moyo ulimuuma, nao uchungu ule ulikuwa wa miaka mingi.

"Niliulisha mimi," alisema. "Niliukeshea mimi. Na jina wameupa wenyewe moto, mbele ya macho yangu."

Akaenda kwenye mtungi, akaubeba mpaka kwenye mafiga.

"Ukiumwagia maji," akasema Mjusi, "kesho utakwenda kuomba kwa nani?"

"Siombi kwa mtu. Nitakaa na baridi."

Akauinua mtungi. Hapo akasikia sauti nje.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye nyasi za paa.

"Mimi, mwanao."

Nyamizi alifungua mlango na mtungi mkononi. Alikuwa Mhunzi, ndevu nyeupe zinatiririka maji, na kwenye kigae chake mna kaa jeusi, limekufa.

"Mhunzi, usinitanie. Una mvi kuliko mimi."

"Sikutanii. Nilipewa kaa na Mabula, likazimika njiani. Nikasimama pale mvuani nikajiuliza, mtu moto wake ukizimika anarudi kwa nani? Nikaona njia ni hii moja."

"Watu watasikia, watacheka."

"Wacheke. Watakuwa wanacheka huku wanaota moto wako."

Nyamizi akaweka mtungi chini. Alichagua kaa kubwa kuliko yote, akaliweka kwenye kigae, akalifunika. Kisha maneno yakamtoka yenyewe. "Lishike vizuri. Na usikimbie, kuna utelezi, utaanguka."

"Ndiyo, mama," akasema yule mzee.

Msidhani baada ya hapo nyumba ilijaa watu. Mvua ilikatika, kila mtu akawa na moto wake, na mwenye moto habishi mlango wa mtu. Mhunzi alikuja mara mbili, akaota moto jikoni, akaenda. Kikohozi alichokipata kwenye ile mvua hakikumwacha. Kabla ya mavuno kilimchukua.

Siku ya msiba wanawake walijifungia ndani wakilia, kama ilivyokuwa desturi yao. Nje pakasikika hodi. Ilikuwa sauti ambayo haikuwa imebisha kwa miaka mingi.

"Nani?" wakauliza.

"Mama Mhunzi."

Ndani hakucheka mtu. Mlango ukafunguliwa.

Hadithi yangu imezimikia hapo. Haya, inukeni, mama zenu wanawaita, nawasikia mpaka huku. Nendeni. Mimi nitabaki kidogo, niuchochee moto.