Kwa Nini Kuni Haziishi Katika Pango la Ipunga

Enzi za mababu wa mababu zetu, kuni za mlimani zilikuwa za aliyezikata. Mtu akivuka mlima Ipunga alilala katika pango lile mnalolijua, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pakavu njia nzima. Aliwasha moto, akalala, na kulipokucha kuni zilizobaki alizitia zote motoni apate joto la mwisho kabla ya kushika njia. Hakuna aliyeona ubaya. Msitu haukuwa mbali, na kila mtu alikuwa na mikono yake.

Katika enzi hizo aliishi mwanamke aitwaye Tusekile, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Mwaka mmoja, mavuno yalipokwisha, yeye na wifi yake Lugano walijitayarisha kuvuka mlima kwenda ziwani kubadilisha ulezi kwa vyungu. Lugano alikuwa kitinda mimba wa mama mkwe wa Tusekile. Mama huyo aliwasindikiza hadi mwisho wa shamba, akamwambia Tusekile, "Njia unaijua wewe. Mwenzio haijui."

Walilala pangoni. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Kuni nyingi zilikuwa zimebaki, na Tusekile akaanza kuzivuta zote motoni.

"Wifi, si tuziache hizi?" Lugano aliuliza. "Tutarudi hapa hapa."

"Tukirudi tutakata nyingine. Ota, tuondoke."

Wakaota mpaka nguo zao zikapata joto, wakashuka ziwani.

Siku ya nne walikuwa njiani kurudi, vyungu kichwani, mvua ilipowakuta kwenye uwanda wa juu usio na mti hata mmoja. Ilianza ya mawe, ikafuata ya upepo. Lugano aliteleza akivuka kijito, akazama mpaka kifuani. Walifika pangoni mchana, ingawa jua halikuonekana. Meno ya Lugano yalikuwa yakigongana. Kisha yakaacha kugongana, na Tusekile, aliyekulia milimani, alijua kwamba kule kuacha hakukuwa nafuu.

Alipekua pango zima akakuta majivu tu. Alitoka nje kwenye mvua akakata matawi, akayamenya magome, akayachonga hadi kwenye moyo wa mti. Hata moyo wenyewe ulikuwa umelowa. Akachukua vijiti vyake vya kupekechea moto, ambavyo alivifunga kwenye ngozi visilowe, akapekecha mpaka viganja vikachubuka. Mara mbili moshi ulitoka. Mara mbili ukafa, maana hapakuwa na kipande kikavu cha kuupokea moto. Mwishowe alimvua wifi yake nguo, akamkumbatia, akawa anamsugua mgongo na kumsemesha.

"Wifi, usilale."

"Silali," alisema Lugano. "Sisikii baridi tena."

Jua lilikuwa halijatua alipokata roho mikononi mwa Tusekile.

Kesho yake Tusekile alifika nyumbani peke yake. Mama mkwe alikuwa anaanika ulezi uani. Aliitazama njia nyuma yake.

"Mwenzio yuko wapi?"

Tusekile angeweza kusema ni mvua, na kila mtu angemwamini, kwa sababu mvua ilinyesha kweli. Lakini alipiga magoti akaeleza yote: zile kuni, alivyoombwa aziache, na jibu alilolitoa. Mama hakulia mbele yake. Aliendelea kuutandaza ulezi kwa kiganja mpaka ukakaa sawa kabisa, kisha akaingia ndani. Hakumfukuza. Lakini hadi mama huyo anakufa, hakumwita tena "mwanangu".

Lugano akazikwa karibu na pango. Baada ya matanga, Tusekile alipanda mlima, akakata kuni, akazipasua, akazipanga ndani kabisa mbali na mdomo wa pango, na juu yake akaweka nyasi kavu na magome membamba ya kuwashia. Wasafiri waliozikuta waliogopa kuzigusa, wakidhani ni za marehemu. Basi akawa anawangoja.

"Chomeni," aliwaambia. "Ila mkiondoka, wekeni nyingine. Hamjui anayekuja nyuma yenu amelowa kiasi gani."

Alifanya hivyo miaka mingi, mpaka magoti yakamkatalia mlima. Alipokwisha kuwa mtu wa kukaa kitandani, jirani mmoja aliyetoka ziwani alimweleza kwamba kuni za pangoni zimejaa hadi kiunoni.

"Ni kavu?" Tusekile aliuliza.

"Ni kavu."

Akageukia ukutani, akafumba macho.

Na tangu enzi hizo, yeyote anayelala Ipunga, awe mchuuzi wa vyungu au mgeni mwenye hema mgongoni, hakunji matandiko yake kabla hajakata kuni na kuzipanga pale ndani palipo pakavu. Hakuna anayemsimamia. Hufanya hivyo hata siku ya jua kali, hata kama mwenyewe hatapita tena njia ile.