Mihuri Miwili ya Machimbo ya Shaba

Inasimuliwa kutoka kwa waja waliotutangulia kwamba palikuwa na nchi mbili jirani, moja ya milimani na moja ya bondeni. Bondeni kulikuwa na machimbo ya shaba. Milimani kulikuwa na njaa. Basi wanaume wa milimani wakawa wanateremka kila mwaka kuchimba ugenini, na wengi hawakurudi, kwa kuwa mgeni hana wa kumsemea. Mwenyezi Mungu akawatia huruma maamiri wa nchi zile mbili, wakaandikiana ahadi: hapana mchimbaji wa kigeni atakayeingia shimoni kabla wakaguzi wawili, mmoja wa kila nchi, hawajashuka mpaka chini kabisa, wakashika nguzo za dari moja moja na kuona kama hewa inapita. Wakiridhika, wote wawili wapige mihuri yao kwenye waraka mmoja.

Mkaguzi wa milimani alikuwa Sheikh Mus'ab bin Rafii, mtu wa saumu nyingi na maneno machache. Wa bondeni alikuwa Sheikh Shuraihi, mzee ambaye sifa ya uchaji wake ilikuwa imevuka mpaka.

Mwaka mmoja Mus'ab alifika machimboni mwezi wa Ramadhani, jua la utosi, koo limemkauka. Mnyapara akamletea waraka, na muhuri wa Shuraihi umekwisha pigwa. Mus'ab akasimama kwenye mdomo wa shimo, akaitazama ngazi. Moyo ukamwambia, "Mja kama Shuraihi keshashuka. Ukishuka nyuma yake, si utakuwa umemdhania uongo? Na baadhi ya dhana ni dhambi." Tazama nafsi ilivyo hodari! Ulikuwa uchovu tu, ikauita adabu. Mus'ab akapiga muhuri, akarudi kivulini.

Siku ya kumi na mbili baada ya hapo dari iliporomoka. Wachimbaji kumi na tisa wa milimani wakafukiwa wazima. Wenzao walisikia mawe yakigongwa kutoka chini mchana kutwa. Kesho yake alasiri hawakusikia kitu tena.

Kadhi wa bondeni akaketi palepale machimboni. Mnyapara akasema, "Waraka huu hapa, Bwana Kadhi, na mihuri yote miwili. Nguzo zilikuwa kamili. Wachimbaji wenyewe wamezing'oa wakapikie futari. Ni kadari ya Mungu na ujinga wao." Alikuwa na haraka, maana shimo la pili, lililopitishwa kwa waraka uleule, lilikuwa linangoja. Wachimbaji arobaini walikwisha pangwa kushuka baada ya adhuhuri, Kadhi akishatoa neno lake tu.

Mus'ab aliijua sheria ya ahadi: apigaye muhuri bila kushuka huvunjiwa muhuri wake mbele ya watu, na ushahidi wake haukubaliwi tena maisha yake yote. Akamtazama Shuraihi, akitumaini atasema, "Nguzo niliziona kwa macho yangu." Mzee ameinamisha kichwa. Hapo Mus'ab akaelewa. Angeweza kunyamaza, kwani aliyejua kuwa hakushuka ni mnyapara peke yake, naye mnyapara ndiye aliyekihitaji kimya chake. Akawaangalia wale arobaini. Walikuwa wamekwisha jifunga kamba viunoni.

Akasimama. "Bwana Kadhi, mimi sikushuka."

"Wasema nini, Sheikh?"

"Sikushuka. Niliuona muhuri wa Sheikh Shuraihi, nikaona yatosha. Kama nguzo zilikuwepo au hazikuwepo, Mungu ndiye ajuaye. Wallahi, msiwateremshe hawa kwa muhuri wangu."

Shuraihi akaangua kilio. "Nami sikushuka, ndugu yangu. Magoti yangu hayaiwezi ngazi. Nilisema, Mus'ab angali na nguvu, yeye atashuka."

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawa walitegemeana, wakafa wengine.

Kadhi akaamuru shimo la pili likaguliwe. Katika nguzo sitini zilizopasa kuwepo, zilikutwa ishirini na tatu. Wale arobaini wakarudi kwao hai, na mnyapara akatiwa kifungoni. Mihuri ya masheikh wale wawili ikapondwa kwa nyundo watu wakitazama, na maamiri wakaandikiana upya: kila mkaguzi awe na waraka wake na siku yake, asijue mwenzake ameandika nini.

Mus'ab hakuona kuwa amemaliza. Akapanda milimani, akapita nyumba zote kumi na tisa akieleza kwa kinywa chake alichofanya. Wako waliomsamehe, na wako waliomtemea mate, naye hakujifuta. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi Safura, ajuza aliyejaliwa mwana mmoja tu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini hukushuka, baba?"

"Nilimdhania mema mwenzangu, mama. Niliona haya kumkagua mtu kama yule."

"Mwenzako ulimwonea haya," akasema ajuza. "Na mwanangu je, yeye hukumwonea haya?"

Wanasema Mus'ab alilitafuta jibu la swali hilo mpaka siku aliyokata roho.

Ndugu zangu katika imani, kumdhania mtu mema ni ibada, lakini amana hailindwi kwa dhana. Aliyekabidhiwa roho za watu na ashuke akaone mwenyewe. Mola amrehemu Mus'ab kwa ukweli wake, na kabla yake awarehemu wale kumi na tisa.