Chetezo cha Bi Mgeni na Skrini Tatu

Sogeeni, na mwenye simu ailaze kifudifudi. Kisa cha leo hakina zimwi wala sultani. Nitakitoa chote, ila hukumu sina. Hiyo mtaitoa ninyi.

Walikuwapo watu watatu. Nassibu alijaliwa vifaa. Chochote chenye waya alikuwa nacho. Wa pili, jina lake Sikudhani, alijaliwa mkono mwepesi wa kutoa, hata pale alipopaswa kuufumba. Chausiku alijaliwa macho, akiona jambo kabla halijawa balaa. Wote watatu walikutana Ujiji, nyumbani kwa Bi Mgeni, siku mjukuu wake Zamda alipoolewa.

Bi Mgeni aliwalea Zamda na mdogo wake Chausiku tangu mama yao alipofariki. Wiki chache kabla ya harusi akateleza bafuni na kuvunjika nyonga. Akawa wa kitandani, chumba cha nyuma, na macho yenyewe yana mtoto wa jicho. Picha ya simu kwake ilikuwa ukungu mtupu.

"Nisipoiona ndoa ya mtoto huyu," alisema, "nitakuwa nimemlea nusu."

Kisha akaashiria juu ya kabati, palipokuwa na chetezo cha fedha alichoachiwa na mama yake. Kila bi arusi wa nyumba ile alifukizwa udi kwa chetezo hicho, na mwenye kukimiliki ndiye hutangulia mbele ya bi arusi. "Atakayeniwezesha kuona, hiki chake."

Sasa, harusi ya pale mnaijua. Ndoa hufungwa msikitini, wanawake wako uani na bi arusi wao, na wazee wanaume waliokosa nafasi msikitini wanakaa barazani. Familia ikataka skrini tatu: moja barazani, moja uani, moja kubwa kando ya kitanda cha Bi Mgeni. Ndoa ionekane kwenye zote. Baadaye, bi arusi akitolewa, picha za uani ziende kwa bibi peke yake. Skrini ziliazimwa, simu za kupiga picha zilikuwapo. Ila kompyuta ya Zamda ilikuwa na tundu moja tu la kutolea picha, na waya wa skrini hata moja haukuingia humo.

Nassibu, binamu yao, alikuwa Mwanza. Kwenye meza yake ya kazi alikuwa na doki, kile kisanduku chenye matundu mengi: kompyuta unaichomeka upande huu kwa waya mmoja, skrini unazichomeka upande wa pili, na kila skrini inaweza kuonyesha jambo lake. Kazi yake ya mahesabu aliifanya kwa skrini mbili, na mwisho wa mwezi ulikuwa umemkaba. Hata hivyo aliichomoa doki, akaifunga ndani ya taulo, akapanda basi.

Alipofika akashangiliwa. Akatandaza nyaya ndefu kutoka ukumbini hadi baraza, uani na chumbani, akachomeka kila kitu. Kimya. Chaja ya doki ilikuwa imebaki chini ya meza, Mwanza. Taulo alilikumbuka, chaja hakuikumbuka.

Wakajaribu chaja za simu. Doki ikakonyeza taa mara moja, ikalala. Chaja ya kompyuta ya Zamda ilikuwa ya pini nyembamba, haikuingia. Madukani hawakupata inayofaa.

Sikudhani, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa nayo. Lakini saa ileile ya ndoa alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video, kazi aliyoisubiri tangu amalize chuo, na betri ya kompyuta yake ilikuwa imechoka. Aliomba wasaili wamsogezee muda, wakakataa. Akasimama mlangoni kwa Bi Mgeni, akamwona amekwisha kuvikwa kanga mpya, ameelekezwa kwenye skrini nyeusi. Akaenda kuichukua chaja yake.

"Na wewe, mwenzangu?" Zamda alimuuliza.

"Betri ikinisitiri, sawa."

Haikumsitiri. Kompyuta ilizima akiwa katikati ya swali la pili, na kazi akapewa mwingine.

Chaja yake ilipochomekwa, doki ikaamka, skrini zikawaka, watu wakapiga makofi. Wazee walikuwa bado hawajafika. Wakajaribu simu ya uani. Chausiku alikuwa ametoka na ndoo ya maji machafu, na alipoinua uso akamwona shangazi yake barazani, kichwa wazi, mikono imepakwa hina, anakata kiuno. Shangazi mwenyewe alikuwa uani. Nassibu aliona picha safi kwenye skrini zote tatu akaridhika. Hakufikiri kwamba picha ile haikupaswa kuwa kwenye zote tatu.

Chausiku akaifunika skrini kwa mtandio wake, akakimbilia kwenye kompyuta. Skrini zote zilikuwa zimewekwa zionyeshe picha moja. Akazitenganisha, kila moja ikasimama peke yake, na dirisha la video ya uani akalipeleka chumbani kwa bibi tu. Lakini dirisha la video huweza kuponyoka kwa mguso mmoja, na ukumbini watu walikuwa wanapita na sinia za pilau. Ikabidi mtu wa kuaminika alinde. Akakaa yeye. Dada yake pekee alifukizwa, akatolewa, akapigiwa vigelegele, na Chausiku aliyaona yote kwenye kioo cha kompyuta, hatua chache kutoka yalipokuwa.

Na Bi Mgeni? Aliona. Aliiona ndoa ikifungwa, akamwona Zamda akitolewa. Alilia mpaka kanga mpya ikalowa. Baada ya hapo alitaka kuitazama tena kwenye rekodi kila alasiri, kwa hiyo Nassibu akaiacha doki, na alipofika Mwanza akaituma chaja yake kwa basi, naye akafunga mahesabu kwa kukodolea kioo kimoja kidogo.

Kabla ya mwezi kupita tangu harusi, Bi Mgeni akafariki. Neno lake la mwisho kwa Zamda lilikuwa juu ya chetezo: "Mpe aliyenionyesha." Hakutaja jina.

Arobaini ilipofika, watatu wale waliketi mkekani, chetezo katikati.

Nassibu akasema, "Sijitapi. Ila iondoeni doki, muone kama bibi angeona kitu."

"Doki isiyo na umeme ni tofali," Sikudhani akajibu.

"Lakini chaja yako ulirudishiwa, dada," Nassibu akamwambia.

"Chaja ilirudi. Kazi haikurudi."

Chausiku alikuwa anatazama mkeka. "Picha ile ingewakuta wazee barazani, wangeamuru vyote vizimwe, na bibi asingeona hata ndoa. Na mimi nina dada mmoja tu. Hatatolewa tena."

Shangazi akaingilia. "Sikudhani tunampenda, lakini chetezo hakitoki nje ya ukoo."

"Bibi hakusema ukoo, shangazi," Zamda akamjibu taratibu. "Alisema aliyenionyesha."

Chetezo ni kimoja, na hakikatwi. Zamda amekinyanyua kwa mikono miwili, amesimama mbele yao, na wote watatu wanamtazama.

Haya, nimemaliza yangu. Wewe uliyekaa hapo, kingekuwa mikononi mwako, ungemkabidhi nani? Na wale wawili ungewaambia nini?