Kwa Nini Seva Hutaja Jina Lake Kabla ya Kulia

Mnaoanza kazi leo, sikilizeni, maana sirudii. Palikuwa na wakati seva za hospitali hii hazina majina. Zilikuwa tatu, zilinunuliwa siku moja, zikifanana kama mayai. Moja ilishika orodha ya dawa, moja majibu ya maabara, moja benki ya damu. Kila moja ilipopata shida iliandika ujumbe, ukapitia kwa mashine ya nne tuliyoiita Tarishi, naye akatuletea kwenye kioo cha kompyuta.

Tarishi alifundishwa kazi na Mzee Mwakalobo, aliyetoka masjala. Masjala, barua yoyote inayopita hugongwa muhuri wao. Basi Tarishi naye akawa anagonga jina lake juu ya kila ujumbe, na aliyeutuma akafutika. Miaka minne hakuna aliyejali, kwa kuwa hakuna kilichoharibika.

Asubuhi moja kioo kikaandika: “Tarishi: diski inakufa.” Baada ya dakika tano, tena. Diski ya akiba tulikuwa nayo moja tu, na kuzifungua seva zote kuzikagua ni kazi ya saa nzima.

Bi Nyamizi wa benki ya damu alikuwa amesimama mlangoni. Orodha yake ilikuwa inafunguka na kuganda, sawa na za dawa na maabara asubuhi ile.

“Kuna mzazi anavuja damu huko ndani,” alisema. “Mifuko arobaini ipo kwenye jokofu. Orodha ikipotea, sijui upi umepimwa na upi bado.”

Mzee Mwakalobo alikwisha kushika bisibisi, anamfungua Tarishi amtie diski ile.

“Mzee, huyo mpeleka barua tu. Msiba si wake,” nikamwambia, mimi niliyejifundisha kazi hii bila darasa.

“Jina lake hilo hapo. Au kusoma nako ulijifundisha mwenyewe?”

“Nilijifundisha. Ndiyo maana nasoma mara mbili.”

Nikamnyang’anya bisibisi, na radhi sijaomba hadi leo. Nikaiendea kila seva, nikaiamuru iandike jina lake ndani ya maneno yenyewe kabla hayajatoka, mahali ambapo muhuri wa Tarishi haufiki. Wewe Dawa. Wewe Maabara. Wewe Damu. Kisha tukakodolea kioo. Dakika ya tatu, kimya. Ya nne, kimya. Nikaogopa kwamba iliyokuwa inalia imekwisha kufa na jina lake mdomoni.

“Tarishi: Damu: diski inakufa.”

Diski ikaingia kwa Damu, orodha ikaanza kuhamia, na Bi Nyamizi hakungoja imalizike. Alisoma mistari miwili ya kwanza iliyotokea, akakimbilia jokofuni. Mzazi yule alitoka na mwanawe siku ya tisa.

Na kuanzia asubuhi ile, hapa seva haichomekwi waya kabla haijapewa jina, na neno la kwanza linalotoka kinywani mwake ni jina hilo. Muhuri wa Tarishi bado upo juu. Huo unatuambia ujumbe umepita wapi, basi.