Bi Pimbi Aingia Barazani na Sufuria

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walifagia nyua zao na kugombana kwa sababu ya moshi wa jirani, palikuwa na Bi Pimbi, mdogo wa kimo, mwepesi wa mdomo. Alikuwa na kibanda cha uji pale njia panda, karibu na chemchemi. Na uji wake, jamani! Ulezi, ndimu kidogo, maziwa ya kutosha. Ukipita pale pua inakurudisha yenyewe.

Kila mteja alimjua. Digidigi hataki sukari. Nungunungu huanza kulalamika kabla hajaketi. Bibi Kobe, aliyemlea Bi Pimbi tangu mama yake anyakuliwe na tai, hutaka uji uliopoa, na bakuli lake huwekwa chini kabisa kwa sababu shingo haipandi tena.

Basi wanyama wadogo wakawa wanatafuta wa kuwasemea katika Baraza la nchi. Wakamwambia Bi Pimbi, "Wewe unatusikiliza kila asubuhi. Nenda wewe." Wakampigia kura, akashinda, wakambeba juu juu. Vigelegele! Nusura wamwangushe.

Barazani akawakuta wajumbe watatu tu: Tembo, Nyati na Kiboko. Na hoja yao ilikuwa tayari: chemchemi ya njia panda izungushiwe uzio wa miiba, iwe ya wakubwa peke yao. Wadogo waende mtoni.

Bi Pimbi akapiga hesabu ya mwendo. Mtoni, kwa Digidigi, ni mwendo wa asubuhi moja. Kwa Bibi Kobe ni siku tatu za jua kali, na pengine asifike.

"Waheshimiwa, naomba kusema..."

"Ha! Ha! Haaa!" Kiboko alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Mjumbe mpya hasemi, mjumbe mpya hupika! Ndiyo desturi yetu. Kesho, kabla ya kura, tuletee uji. Na usituletee vibakuli vya sungura!"

Bi Pimbi akarudi nyumbani analia kwikwi.

"Wenzangu wamenituma nikaseme, bibi, na mimi nimegeuzwa mpishi. Wewe utakunywa maji wapi?"

Bibi Kobe akatoa shingo polepole, akamfuta machozi kwa shavu lake. "Nyamaza, mwanangu. Kwani kura wanazipigaje?"

"Wanasimama. Spika Korongo anahesabu mpaka kumi. Asiyesimama hana kura. Na hoja ikikosa kura, haitajwi tena."

"Ehee. Na Kiboko akija kibandani akanywa mabakuli manne, huondoka saa ngapi?"

"Yule? Hainuki mpaka jua lipoe..."

Bi Pimbi akainuka. Kilio kikamwisha. Akaiangalia sufuria kubwa.

"Washa moto, mama," akasema Bibi Kobe.

Kesho yake, saa sita mchana, jua la utosi, Bi Pimbi aliingia Barazani na masufuria yake. Akawawekea uji mzito, juu yake samli inaelea, na pembeni viazi vitamu vya kuchemsha.

"Karibu, mzee Tembo. Hili pipa ni lako."

Fyooo! Tembo akavuta kwa mkonga. "Mama wee! Uji gani huu?"

"Ongeza hapa!" akanguruma Nyati.

"Na mimi! Bakuli la tano!" akadai Kiboko, midomo imejaa samli.

Bi Pimbi akaongeza, akaongeza tena, na kwa kuwa kulisha alikupenda kwa dhati, kila mmoja alimpulizia uji wake upoe.

Ngaa! Ngaa! Korongo akagonga kengele. Korongo hana rafiki wala adui, ana sheria tu. "Anayetaka chemchemi ifungwe, asimame! Moja! Mbili!"

"Nasimama," akasema Kiboko. Akainua mguu mmoja. Puuu! Akarudi chini.

"Tatu! Nne! Tano!"

"Tembo, simama," akanong'ona Nyati.

"Tangulia wewe, mimi nakuja..."

Bi Pimbi ameshika mwiko kwa mikono miwili.

"Sita! Saba! Nane!"

"Grooo! Grooo!" Huyo Nyati, keshalala.

"Tisa! Kumi! Hoja haina kura hata moja. Imekufa!"

Kiboko akafumbua macho. "Wewe mwanamke, umetufanyia hila!"

"Mzee wangu," akasema Bi Pimbi kwa upole, "bakuli la tano nani aliliomba?"

Kiboko akalamba samli iliyobaki mdomoni.

"Na desturi ni yenu," akaongeza Korongo.

Bi Pimbi hakungoja kupongezwa. Alikimbia mbio, mwiko mkononi, mpaka chemchemini. Bibi Kobe alikuwa pale tangu asubuhi, amekaa ukingoni, hajathubutu kugusa maji.

"Niambie, mwanangu. Niondoke?"

"Kunywa, bibi yangu. Kunywa."

Bibi Kobe akainama, akanywa taratibu, akapumzika, akanywa tena. Bi Pimbi akaketi kando yake, akamwegemea gambani, akalia kwa furaha bila kujificha.

Wanangu, hiyo imekwisha, na funzo lake ni hili: anayewajua watu kwa kuwahudumia huwaweza hata wale wanaomdharau.