Rudi Mlangoni, Anza Upya

Hii nimetumiwa na shemeji yangu wa Tukuyu, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu. Ni fupi, chai yako haitapoa.

Palikuwa na mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja huko milimani, kwenye migomba na mvua isiyoisha. Jina lake Mwakatobe. Kwa Kiingereza, jamani, mzee alikuwa moto! Mambo mawili yalimchefua kuliko yote: mwanafunzi anayechanganya nyakati za vitenzi, na mwanafunzi anayeweka maelezo mbali na neno linaloelezwa.

"Sentensi ni nyumba," alizoea kusema. "Ukiweka kitanda jikoni, utapikia wapi?"

Ofisi yake ilikuwa na sheria. Ukivuka kizingiti, Kiingereza tu. Ukikosea, unatoka nje, unabisha hodi, unaanza upya. Hata mpishi wa shule, Mama Atupele, aliyeishia darasa la nne, alikuwa haingii. Kila saa nne aliacha birika la chai pale kizingitini, akaenda zake.

Sasa, mwalimu alikuwa na ng'ombe wa maziwa aitwaye Malaika. Ndiye pekee aliyebaki katika zizi la marehemu mama yake, tena alikuwa na mimba ya miezi minane. Alimfunga nyuma ya jiko la shule, kwenye kisiki kilicho karibu na mtaro mkubwa wa maji ya mvua. Kila jioni alimpapasa shingo na kumsimulia habari za siku. Na kwa lugha gani? Kinyakyusa! Malaika hakuwahi kurudishwa mlangoni hata siku moja.

Alhamisi moja, mvua ilipokatika tu, msichana wa kidato cha pili aitwaye Tusekile alikuja mbio mpaka ofisini, matope hadi magotini. Akafungua mdomo. Neno la tatu tu, mwalimu akainua kalamu.

"Kitenzi! Jambo limekwisha au linaendelea? Rudi mlangoni, anza upya."

Tusekile akatoka, akabisha hodi, akaingia. Safari hii kitenzi kilikaa sawa. Alianza kusema kwamba alipokuwa akipita nyuma ya jiko, aliona kamba. Lakini kwa haraka aliyokuwa nayo, maneno yakapishana.

"Kwa hiyo kamba ndiyo iliyokuwa ikipita nyuma ya jiko?" Mwalimu akacheka kidogo, macho bado kwenye madaftari. "Mpangilio, binti. Mlangoni."

Mara ya tatu msichana alisimama pale kizingitini akalia kwa Kiswahili.

"Mwalimu, niadhibu tu! Malaika anajinyonga!"

Mwakatobe aliruka juu ya meza. Alikimbia na kiatu kimoja, kingine kilinasa matopeni. Alipofika mtaroni alimkuta Mama Atupele amekaa ndani ya maji, kichwa cha ng'ombe mapajani, kisu cha kukatia kabichi pembeni. Kamba iliyomkaba alipotelezea mtaroni ilikuwa imeshakatwa. Malaika alikuwa anahema.

Mwalimu alimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini siku ya pili yake ng'ombe alizaa ndama aliyekufa. Bwana mifugo alisema ndama alikosa hewa, na kwamba dakika chache tu zingetosha kumwokoa. Mwalimu alihesabu mwenyewe: mara mbili mlangoni.

Jumatatu alikwenda jikoni na doti ya kitenge kumshukuru Mama Atupele. Akamkuta anasonga ugali.

"Mama, umeniokolea ng'ombe. Lakini nisaidie jambo moja. Ulipopita pale kila siku, hukuona kwamba ile kamba ni ya hatari?"

"Niliona, Mwalimu."

"Mbona hukuniambia?"

Mama Atupele akaacha mwiko. "Nilikuja. Jumatatu iliyopita. Niliona kamba ni ndefu, inamfikisha mtaroni. Nikasimama na birika langu nikasema, Mwalimu, nina neno. Ukaninyooshea kidole bila kunitazama, ukasema niseme kwa Kiingereza." Akachukua mwiko tena. "Nikaweka chai, nikaondoka."

Mwalimu alikikumbuka kile kidole. Aliweka kitenge juu ya gunia la unga, akatoka huku aibu imemshika.

Kesho yake saa nne, birika lilipofika, lilimkuta yeye mwenyewe amesimama mlangoni. Alilipokea kwa mikono miwili, akavuta kiti.

"Karibu ndani, Mama. Una neno?"

Mama Atupele akaketi, akaitazama ofisi aliyoihudumia miaka kumi na moja bila kuingia.

"Leo sina, Mwalimu. Kunywa chai, inapoa."

Nasikia makosa bado anayasahihisha, tena kwa wino mwekundu uleule, na wanafunzi wake wanafaulu. Ila siku hizi anaweka kalamu chini kwanza, mpaka mtu amalize kusema.

Ukiisha kusoma, mtumie yule mtu wako anayekukatiza kila ukifungua mdomo. Unamjua.

Funzo: Msikilize mtu mpaka mwisho ndipo umsahihishe, maana habari iliyosemwa vibaya bado ni habari, na huenda ni yako.